Abakasi ya Mke Wangu

Jumatatu usiku

...mke wangu Bi Mwanaisha amenicheka mpaka kikohozi kikamshika. Tangu niliposahau kuzima jiko la gesi, mwanetu Athumani ashikilia nihamie kwake Mikindani, nikaangaliwe kama kuku mgonjwa. Ndipo Bi Mwanaisha akaitoa abakasi, ile fremu ya shanga za kuhesabia aliyosomeshea chekechea. "Tuone kichwa kimekufa au kimelala."

Nikisogeza shanga, ulimi wajiendea: subhanallah, subhanallah, kama nimeshika tasbihi. Hesabu yapotea.

"Baba Athumani, nimekwambia ujumlishe, si ulete uradi."

"Nakuombea na wewe, huna shukrani."

Lakini yeye, wallahi! Azungumza na jirani dirishani, vidole vyapita juu ya zile shanga bila kutazamwa, na jibu hilo hapo. Miaka yote mimi nasifu biriani yake tu, mjinga mkubwa.

Mwisho niliuachia ulimi. Kila shanga subhanallah yake, na jibu likatoka sawa. Athumani alipopiga simu, mamake akamwambia, "Babako haji huko. Ana masomo."

Sasa hivi nimeinuka kutazama jiko. Limezimwa. Sikumbuki kama ni mimi niliyelizima. Namshuku mwalimu.