Migongo ya Mtakuja

Mtakuja, Tabora
11 Juni 1972

Kaka Mfaume,

Shikamoo. Natumaini Dar es Salaam imekuamkia vizuri, na kile kikohozi chako cha vumbi la karatasi kimekuacha. Sisi hatujambo. Mguu wa Mama umepona, anakwenda shamba la kijiji bila fimbo. Mimi nimefika likizo salama, nimekonda kwa chakula cha shule, ila Mama anasema nimenenepa kichwa.

Kaka, utacheka. Cheka, lakini soma mpaka mwisho. Wapagazi wamerudi.

Unaikumbuka njia ile ya zamani nyuma ya kisima, ya misafara ya pembe kutoka Ujiji? Tangu mwezi uliopita watu wanapita pale, jua la utosi, saa ambayo hata mbwa hawana sauti. Wanatoka magharibi. Wanatembea mmoja nyuma ya mwingine, mizigo kichwani, wamejaa majivu ya pori lililoungua, toka nywele hadi nyayo. Ukiwaamkia hawaitiki. Mzee Ngollo aliwaamkia "Mwadila!" kwa sauti yake ile ya kufukuzia nyani. Walisimama wote kwa pamoja, wakamtazama, kisha wakaingia porini na hakuna kijiti kilichovunjika.

Bibi Mwanamkuu anasema ni wale waliofia njiani wakiwa wamebeba mali za watu, wanatafuta pa kutua mzigo. Na wana adabu yao, anasema, aliyoikuta kwa bibi yake: wakipita unawageuzia mgongo, huitiki, huwatazami usoni, na unawawekea unga wa mtama njia panda. Atakayewaitikia amekuwa wao. Sasa kijiji kizima tunafanya hivyo. Hata Mwenyekiti Shilinde, ambaye mkutanoni husema ushirikina ni adui wa maendeleo, hugeuka wa kwanza.

Na unga ule, kaka, jioni haupo.

Sina wa kumwambia hili ila wewe. Jana tulipokuwa tumegeuka, nyuma yangu kitu kilikohoa. Kikohozi kidogo, cha mtoto. Sikugeuka.

Gazeti lenu hutufikia likiwa limechakaa njiani, lakini hufika. Betri za redio ya kijiji zimekufa, kwa hiyo mimi ndiye ninayewasomea watu barazani pa ofisi. Unavyonijua na macho ya watu! Najificha nyuma ya gazeti lenyewe, sauti ndiyo inayotoka. Nimewasomea habari za Wamarekani waliotembea mwezini, na sasa mama zetu wanabishana kisimani juu ya mawe ya mwezini. Je, huko hamjasikia lolote la huku?

Mdogo wako,
Zamda


Dar es Salaam
24 Juni 1972

Mdogo wangu Zamda,

Marahaba, marahaba tena. Mimi mzima, kikohozi nacho kizima. Msalimie Mama, mwambie kanga nitatuma Mungu akipenda.

Barua yako niliisoma kwa sauti hapa chumba cha habari. Walicheka mpaka nilipofika kwenye kikohozi. Hapo kila mtu akaanza kutafuta kitu mezani kwake. Mhariri wetu, Bwana Raymundi, akauliza, "Huyo binti ana miaka mingapi? Mbona anaandika kukushinda?" Nikasema kumi na sita, na kunishinda ni kawaida yake.

Zamda, mimi mwaka mzima huu nanakili bei ya pamba na sherehe za kufungua zahanati. Hii yako ni habari! Niandikie zaidi. Wamevaa nini? Wana minyororo? Watu wanapenda minyororo.

Unauliza kama tumesikia la huko. La huko hakuna. Telegramu za nje ziko meza ya pili. Niliona moja ya Burundi, "machafuko," mistari miwili hivi, haisemi nani wala kwa nini. Bwana Raymundi alisema wasomaji wetu hawajui hata Burundi iko upande gani, watachoka. Ikabaki kwenye trei.

Kaka yako,
Mfaume


Mtakuja
3 Julai 1972

Kaka Mfaume,

Shikamoo. Ningependa kuandika kwamba hatujambo, lakini neno hilo leo limenikwama.

Ni watu.

Nilikwenda kisimani peke yangu mchana, ndoo mbili, nikisema moyoni sitaogopa. Mwanamke alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta wa kisima na mtoto mapajani. Nikageuka mgongo, kama tulivyofundishwa. Nikasimama hivyo, ndoo mikononi. Kisha mtoto akakohoa, kikohozi kilekile. Nikatazama. Midomo yake ilikuwa myeupe, nikadhani ni ya mauti. Ulikuwa unga, kaka. Unga wetu wa njia panda. Walikuwa wakiula mbichi, kwa maji.

Nikamjaribu kwa Kiswahili. Akatikisa kichwa. Nikamjaribu kwa Kiingereza, akanijibu kwa Kifaransa. Lugha za shule zilikuwa pale, zake na zangu, na hazikutusaidia hata kuulizana njaa. Akagusa ndoo: "Amazi." Hilo nililielewa, si mbali na minzi, maji kwa kilugha chetu.

Anaitwa Pelagia. Alichora kwa kidole chini, akitaja Burundi: ziwa, vilima, nyumba nyingi. Halafu akazifuta kwa kiganja, moja baada ya moja, taratibu, kama mtu anayepangusa meza. Ya mwisho hakuifuta. Aliifunika kwa mkono akabaki hivyo. Wanakimbia, wanaogopa barabara, wanaogopa kila anayewaita kwa lugha wasiyoijua. Ndiyo maana hawaitiki.

Shuleni nimechora mito ya Kanada mpaka nikapewa alama za kwanza. Sikujua kinachotokea ng'ambo ya ziwa letu.

Nikamwambia Mama. Akasikiliza vizuri, akiendelea kuchambua mchele, kisha akasema, "Imo gazetini?" Nikasema haimo. "Nchi nzima ya jirani ikimbie, gazeti linyamaze? Gazeti hilohilo linalojua mpaka ya mwezini? Zamda, mwanangu, mizimu hujua kuchora pia."

Kaka, andika. Mistari miwili tu inatosha: ni watu, wametoka Burundi, wapewe maji na nyumba. Ikitoka gazetini watafungua milango siku ileile, nawajua. Wasipofungua, yule mtoto hatamaliza mwezi. Na ile barua yangu ya kwanza ichome.

Mdogo wako,
Zamda


Dar es Salaam
4 Julai 1972

Zamda wangu,

Hujambo? Mimi leo sijambo kuliko binadamu wote. Imetoka! Ukurasa wa tatu, juu kabisa, na mchoro: MIZIMU YA WAPAGAZI YARUDI TABORA. Nimekutumia mafungu mawili ya gazeti kwa garimoshi, barua hii imo ndani yake. Bwana Raymundi kanishika bega mbele za watu.

Minyororo nimeitia mimi. Usinune, habari bila minyororo ni mchuzi bila chumvi. Jina lako sikulitaja, ila nimesema "shahidi wa kuaminika."

Wasomee barazani kwa sauti, usijifiche. Waambie aliyeandika ni mtoto wa Mwamvita, Mama naye asikie jina lake.

Kaka yako,
Mfaume


Mtakuja
19 Julai 1972

Kaka,

Shikamoo. Barua yako na yangu zilipishana njiani, kama watu wasiosalimiana.

Baraza lilijaa. Walikuwa wameshasikia kwamba mtoto wa Mwamvita ameandika habari za kijiji, hata wa kijiji cha pili walikuja. Mama alivaa kanga ya Idi. Nikafungua ukurasa wa tatu, nikakiona kile kichwa cha habari, na mchoro wa watu wenye minyororo na macho matupu. Yalikuwa maneno yangu. Kikohozi changu kilikuwemo.

Nikashusha gazeti usoni pangu. Kwa mara ya kwanza nikawatazama watu nikisoma, na nikasoma kisichokuwepo. "Wananchi wa Tabora wanaombwa kuwapokea wageni wanaokimbia kutoka Burundi. Ni watu kama sisi. Wapewe maji, chakula na mahali pa kulala." Mzee Ngollo akasema, "Loo! Kumbe!" Mwenyekiti akaanza kuhesabu nyumba tupu. Nilimwona Mama akishika mdomo. Kaka, milango ilikuwa inafunguka mbele ya macho yangu.

Bibi Mwanamkuu akainuka. Unajua mwaka jana likizo nilimfundisha kisomo, yeye na wenzake, chini ya taa ya kandili. Akaja mpaka kwangu, akaweka kidole kwenye zile herufi kubwa. "Mi. Zi. Mu." Akarudia, "Mizimu." Hakukasirika. Alinitazama kwa huruma. "Ulinifundisha mwenyewe, mjukuu wangu, kwamba kilichoandikwa hakigeuki mdomoni mwa msomaji. Sasa ni nani anayesema mdomoni mwako?"

Watu wakasogea nyuma.

Ukurasa wameupigilia misumari mlangoni pa ofisi. Anayejua kusoma anamsomea asiyejua.

Jana mchana walipita tena, wengi. Tulisimama mistari miwili, kijiji kizima, nyuso kwenye kuta, migongo kwenye njia. Ulikuwa ukisikia nyayo tu, na kuku mmoja. Kisha Pelagia akaita, "Zamda." Nilisikia watu wote wakivuta pumzi, maana mzimu umejua jina. "Zamda, amazi." Mama akanishika kiwiko, kucha zake zimo bado kwenye ngozi yangu. Akaninong'oneza, "Ukiitika sina mtoto."

Sikugeuka. Hiyo ni mara ya pili.

Pelagia hakuendelea na wenzake. Yuko porini upande wa pili wa kisima, mtoto anawaka homa. Nina klorokwini ya shuleni. Kesho jua likifika utosini nitageuka, nitaitika kwa sauti wasikie wote. Naogopa, kaka. Siogopi mizimu. Naogopa migongo.

Zamda


Dar es Salaam
20 Agosti 1972

Mdogo wangu Zamda, popote ulipo,

Nakusalimu, na safari hii nauliza hali yako nikiwa nataka jibu.

Barua yako ya tarehe tatu Julai ilinifikia gazeti likiwa limeshafungiwa karanga mitaani. Ya kumi na tisa imefuatana na ya Bibi Mwanamkuu, kwa penseli, herufi kubwa kama kuku: ZAMDA KAITIKA. KAENDA NAO. HAKUNA ALIYEONA. Namwelewa. Wataona vipi wamegeuka ukutani?

Nilikwenda meza ya pili nikaitafuta ile telegramu. Ilikuwa bado kwenye trei, duara la glasi ya chai juu ya neno Burundi. Nikampelekea Bwana Raymundi. Akasema, "Hii sasa imechacha. Lakini huyo dada yako aliyechukuliwa, hiyo ni ukurasa wa kwanza." Nikamwambia dada yangu hakuchukuliwa. Akaniambia, "Basi alikwenda wapi?" Nikakosa la kujibu, na hicho nilichokosa akakiandika yeye. BINTI ALIYEITIKIA. Sikutia mkono wangu humo, naapa. Lakini jina la kijiji nililiandika mimi zamani.

Nilipigania mistari minne, ikatoka chini ya bei ya pamba: wakimbizi wa Burundi wameingia, wanapelekwa makazi mapya ya Ulyankulu. Nikamkatia Mama nikampelekea. Amejibu kwa mkono wa Bibi: "Tuamini lipi, lenye picha au lisilo na picha?"

Nimeacha kulala vizuri. Mchana nikivuka barabara napata hamu ya kugeuka nyuma.

Barua hii naipeleka Ulyankulu, mikononi mwa wanaogawa chakula, waliite jina lako kwa sauti. Ukisikia, itika.

Kaka yako, kama bado waniita hivyo,
Mfaume


Ulyankulu
10 Oktoba 1972

Kaka Mfaume,

Shikamoo. Nimeitika.

Mimi ni mzima. Kwanza ujue hilo. Mtoto wa Pelagia ni mzima pia, anaitwa Elieza, ana meno mapya na ananing'ata. Tulilala porini mpaka homa ikashuka, tukatembea, tukakutana na lori. Hapa tunakata miti tunajenga. Mimi nakalimani kidogo na kuwafundisha Kiswahili, na mkubwa wa makazi ameniandikia shule wanipe ruhusa mpaka muhula ujao. Nasimama mbele ya watu mia nasema. Huwezi kuamini.

Nimemwandikia Mama barua tatu. Zote zimerudi. Hazijafunguliwa, na kwenye mikunjo zina unga.

Wiki iliyopita lori lilikwenda Tabora kuchukua mahindi, nikaomba nishuke njia panda ya Mtakuja. Ilikuwa mchana. Mama alikuwepo. Alikuwa amechuchumaa, anamimina unga juu ya jani, kwa uangalifu, kama anavyopakua siku ya wageni. Nikaita, "Mama, shikamoo."

Aliinuka taratibu. Akanigeuzia mgongo.

Nikasema, mimi ni Zamda, sijafa, niguse. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka. Nikamshika bega. Akasema bila kugeuka, kwa ile sauti yake ya kunibembeleza nikiwa na surua, "Mkono una baridi, mwanangu." Nilikuwa nimeshika chuma cha lori tangu alfajiri, kaka, upepo wote ule. Nikamweleza. Akasema, "Ndiyo. Ndiyo. Kula uende, wenzako wanakungoja." Nyuma yake Mzee Ngollo na wengine walikuwa wamesimama uso kwa ukuta. Dereva akapiga honi.

Nilikuwa na njaa. Na ulikuwa unga wa Mama. Nikachuchumaa nikaula mbichi, wote, nikalamba jani. Ulikuwa na chumvi. Alikumbuka kwamba siwezi kula kitu kisicho na chumvi.

Jioni atakuwa alirudi akakuta jani tupu. Sasa anaamini kabisa.

Usiandike tena, kaka. Hata mistari minne. Panda garimoshi uje, umshike mabega kwa mikono yote miwili, umgeuze. Mimi nitakuwa nimesimama pale njia panda. Nitaipasha mikono joto kwanza.

Mdogo wako,
Zamda