Jibu Ambalo Halimo kwenye Fishi

Jumanne, 6 Februari 2024

Kesho ninaanza matibabu ya mawazo. Kwa Kifaransa yanaitwa thérapie cognitivo-comportementale. Nimejifunza kutamka jina hilo mbele ya kioo, mara sita, bila kukwama. Huenda nikapata nafuu kwa hilo peke yake.

Sababu niiandike mara moja, nisiiandike tena. Niko mwaka wa tano wa sekondari, sekshoni ya ualimu. Wiki tatu zilizopita nilifundisha somo langu la kwanza la staji, yaani mazoezi ya kufundisha: darasa la pili la msingi, watoto hamsini na wanane. Somo lilikuwa samaki. Fishi yangu, yaani andalio la somo, ilikuwa safi, mistari kwa rula, kila swali na jibu lake. Mwalimu: "Nimeshika nini?" Wanafunzi: "Umeshika samaki." Nikauliza, nikainua mukeke, samaki wa ziwa letu. Mtoto wa benchi la mbele akasema:

— Madame, ile iko inaoza.

Jibu hilo halikuwemo kwenye fishi.

Ni kweli nilimnunua jana yake. Darasa zima likakubaliana na mtoto. Nikasimama kimya dakika nne — Professeur Casimir, anayesimamia staji, alizihesabu — kisha nikauambia ubao "excusez-moi", samahani, nikatoka, nikaenda mpaka ziwani nikiwa bado nimemshika mukeke. Tangu siku hiyo nikiulizwa swali darasani tumbo linajikunja na sauti haitoki. Muuguzi wa kituo cha afya amenipima malaria mara tatu. Hakuna. Ndiyo maana amenituma kwa Mama Joselyne, mwanasaikolojia.

Nitarudia somo Alhamisi, 14 Machi. Nikishindwa tena, narudia mwaka. Na mimi nataka kuwa mwalimu. Sijawahi kutaka kitu kingine.

Jumatano, 7 Februari

Nilichotarajia: kitanda, sindano, kuulizwa ndoto zangu, labda kuwekewa mikono kichwani.

Nilichokuta: viti viwili vya plastiki, meza, na Mama Joselyne. Mfupi, amevaa kandambili, anakula karanga. Akanikaribisha karanga.

Alieleza kila kitu mapema, kama mwalimu mzuri. Tutaonana kila Jumatano, mara sita, halafu tutatazama. Hataniambia niishi vipi. Hatanichimba tangu nilipozaliwa. Tutachunguza jambo moja tu: nini kinatokea, kichwa kinasema nini, mwili unafanya nini, na mimi nafanya nini baada ya hapo. Akachora mambo hayo manne kwa duara. Kichwa changu, amesema, kinatoa habari kama redio, na si kila habari ni ya kweli. Nitapewa kazi za kufanya nyumbani.

Kazi za nyumbani! Nilifurahi sana. Nikauliza kama kuna mtihani mwishoni. Hakuna. Nikasikitika kidogo.

Akaniuliza hofu yangu ya kufundisha ni ngapi kwa mia. Nikasema themanini na tano. Alipoandika nikamshukuru. Akainua macho.

— Ketsia, huku hatutafute pointi mingi.

Nyumbani Mama alikuwa ananisubiri mlangoni, mikono kiunoni.

— Amekupa dawa gani?

— Duara.

— Duara?

— Na karanga.

Akakaa chini. Anasema watu watasema mtoto wa Immaculée ameanza wazimu. Nikamwambia si wazimu.

— Njo benye wazimu banasemaka vile.

Anataka nifunge siku tatu na kwenda chumba cha maombi. Tumekubaliana: nifunge siku moja, na Jumatano niende kwa Mama Joselyne. Yeye ataombea yote mawili.

Jumatano, 14 Februari

Kazi ya wiki ilikuwa kujaza jedwali lenye safu nne. Nimeijaza. Tena nimeifanyia fishi kamili: Somo, Lengo, Vifaa, Marejeo (nimeandika "kichwa changu"). Na kwa kuwa fishi nzuri ina maswali na majibu, nilitayarisha kikao chote. Ketsia: "Habari ya asubuhi, Mama." Mama Joselyne: "Njema, Ketsia, karibu." Mpaka mwisho, ambapo Mama Joselyne anasema: "Vizuri sana, Ketsia, umepona."

Alichelewa. Alikuwa ametoka misani, na jivu kwenye paji la uso. Nilikuwa nimesahau kwamba Wakatoliki wanaanza Kwaresima leo. Nikatazama lile jivu, nikatazama fishi, na salamu ikanipotea.

Akaisoma fishi polepole. Mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka, lakini si vibaya.

— Hapa mi nimesema "umepona". Asante. Na kama nikisema kingine?

— Kingine nini?

— Sijue. Kitu hakiko humu.

Tumbo likajikunja palepale, kwenye kiti cha plastiki, bila darasa wala samaki. Akaniomba nisikimbie, niandike. Hali: mtu anaweza kusema jambo lisilo kwenye fishi. Wazo: sitajua la kujibu, watanicheka, watajua kwamba mimi si mwalimu. Mwili: tumbo, magoti. Ninachofanya: naandika fishi ndefu zaidi.

Tukaitazama safu ya mwisho, sote wawili. Fishi ya samaki ilikuwa na kurasa tisa.

Kazi ya wiki hii inaitwa jaribio. Niende mahali niulize swali la kijinga kwa makusudi. Kabla ya kwenda niandike kichwa kinatabiri nini. Baadaye niandike kilichotokea.

Jumamosi, 17 Februari

Nimekwenda na rafiki yangu Arlette kama shahidi. Swali: kuomba chumvi kwa fundi cherehani. Utabiri: fundi Dieumerci atanicheka mbele ya watu, 90 kwa mia.

Nikasimama mbele ya cherehani.

— Papa Dieumerci, chumvi iko?

Hakuacha hata kukanyaga.

— Kiasi gani?

Akavuta mfuko chini ya meza. Mke wake akienda shambani humwachia chumvi auze. Mji mzima wa Baraka unajua, isipokuwa mimi. Arlette alilazimika kushika ukuta kwa kicheko.

Matokeo: nimenunua chumvi.

Arlette akasema jaribio halikuhesabika. Tukaenda duka la dawa. Nikaomba vitunguu. Muuzaji akasema "hakuna" na kuendelea kutazama simu yake. Ni hivyo tu. Hakuinua kichwa. Kumbe nimeogopa miaka yote hii watu ambao wanatazama simu.

Jumatano, 21 Februari

Mama Joselyne alitaka nieleze habari ya chumvi mara mbili. Hatua inayofuata: kusoma mbele ya watu wengi. Si darasani bado. Kanisani, Jumapili, matangazo.

Mama amefurahi kusikia neno kanisa. Anasema maombi yake yameanza kufanya kazi.

Jumapili, 25 Februari

Nimefanya. Niandike upesi.

Papa Albert, mzee wa kanisa letu, alinipa karatasi ya matangazo. Maandishi yake yamebanana kama ndagala, wale samaki wadogo, kwenye ndoo. Nikapanda. Nikasoma kwa sauti, na sauti ilitoka:

"Ndoa ya Divine, binti ya Papa Albert, itafanyika Jumamosi, saa nne ya asubuhi. Kila mtu aje na jembe lake na buti, maana matope ni mengi."

Nilikuwa nimeruka mstari. Majembe yalikuwa ya kuzibua mtaro wa kanisa, Jumanne.

Kanisa lote likacheka. Pasta alicheka. Divine alijifunika kitenge usoni. Nikasubiri kufa. Nikahesabu: moja, mbili, mpaka kumi na moja. Sikufa. Wao wenyewe wakachoka kucheka, wakabaki wananitazama wakitaka kujua mtaro ni lini. Nikasema:

— Nimeruka mstari. Narudia.

Nikarudia. Mpaka mwisho.

Mlangoni Papa Albert akaniambia upande wa bwana harusi wameuliza kama majembe ni sharti. Jirani yetu Mama Cassilde, ambaye alitoka Burundi, alikuwa amekasirika kweli:

— Kwetu jembe njo ilikuwa mahari. Muko munacheka nini?

Jumatano, 28 Februari

Hofu leo: 55. Nilijisikia vibaya kidogo, maana ni pointi thelathini nimepoteza. Kisha nikakumbuka. Tabia ni ngumu kuiacha.

Jumamosi, 2 Machi

Ndoa ya Divine. Watu wawili walikuja na majembe. Mmoja ni Mama Cassilde.

Jumatatu, 4 Machi

Imerudi.

Professeur Casimir aliniuliza jambo dogo, tena ninalolijua. Hatua za somo. Nikasimama. Hakuna kitu. Wote wananitazama. Nikakaa. Akasema Alhamisi ya wiki ijayo ni moja tu, hakuna nyingine. Hakusema kwa ubaya.

Chumvi, vitunguu, majembe — vyote vya bure. Sitaki kuandika zaidi.

Jumatano, 6 Machi

Nilisema siendi. Mama akavaa viatu. Akasema kama mimi siendi, yeye anaenda kudai pesa zetu; nikamkumbusha kwamba hatulipi pale. Akasema anaenda kuuliza tu. Tukaenda wote wawili.

Nilimwambia Mama Joselyne nimeshindwa. Akauliza ushahidi. Nikasema Jumatatu. Akauliza ushahidi mwingine, wa upande wa pili. Mama, ambaye alipaswa kukaa nje, akajibu kutoka dirishani:

— Alisema "narudia" mbele ya kanisa muzima.

Mama Joselyne akamkaribisha ndani na kumpa karanga. Anasema hofu kurudi ni jambo la kawaida, alipaswa kuniambia siku ya kwanza, na ameomba radhi. Mtu mzima, ameniomba radhi. Kisha akaniuliza: Jumatatu, baada ya kunyamaza, nilifanya nini? Nilikaa. Sikutoka nje. Sikwenda ziwani. Nilikuwa sijaliona hilo.

Kisha Mama akaomba jedwali lake mwenyewe. Hali: Ketsia anaenda kwa mwanasaikolojia. Wazo: batu batasema. Ushahidi kwamba wamesema: akafikiri sana. Hakuna. Ila Mama Cassilde ameuliza kama naye anaweza kupata siku.

Jumatano, 13 Machi

Fishi ya kesho ina kurasa tatu. Mama Joselyne hakuigusa. Aliniuliza tu mtoto akisema kitu kisichokuwemo, kitaandikwa wapi. Hakukuwa na mahali. Nimepiga mistari miwili kwa rula, katikati ya ukurasa wa pili, na nafasi kati yake. Tupu. Ilinichukua muda mrefu kuliko kurasa nyingine zote. Mkono ulitaka kujaza.

Somo ni lilelile. Samaki. Mama anasema nimwachie yeye kununua.

Alhamisi, 14 Machi, saa mbili na dakika ishirini

Benchi la nje, chini ya dirisha la darasa la pili. Professeur Casimir yuko ndani na walimu wawili, wamekaa nyuma. Hofu: 60. Nimeiandika bila kushukuru mtu.

Mama alifika na ndoo yenye kifuniko. Alitoka alfajiri mpaka kwa wavuvi wa mto Mutambala. Hakuleta mukeke.

— Leo hakuna mutoto atasema inaoza.

Nimefunua. Ni kambale. Mzima. Mkubwa kama mkono wangu, ana masharubu, ananitazama. Nikamwambia Mama fishi inasema ninamwinua. Akasema basi nimwinue. Kisha akaenda kusimama chini ya mti, anajifanya anasubiri mtu mwingine.

Kwenye Vifaa nimefuta "samaki" nikaandika "samaki, yuko hai".

Watoto wameanza kuchungulia dirishani. Wa benchi la mbele ni yuleyule. Namjua kwa meno.

— Madame, iko na nini mule?

Sijajibu. Kifuniko kinapigwa kutoka ndani.

— Madame, samaki yako iko inatoka.

Kweli. Kambale yuko kwenye vumbi, anaelekea mlango wa darasa kabla yangu, na watoto hamsini na wanane wamesimama kumtazama. Professeur Casimir ameita jina langu. Ukurasa wa pili, kati ya mistari miwili, nafasi ipo. Nimemshika mkia kwa mkono wa kushoto, naandika hapo kwa wa kulia: "Madame, samaki yako iko inatoka."