Sirapu ya Mti wa Mepo

Atlabara, Juba
Jumatatu

Kwa dada yangu Nekesa,

Habari za Kitale? Mguu wa mama umepungua uvimbe, au bado anauficha chini ya leso ili usimpeleke hospitali? Mimi mwili ni mzima. Joto la huku limenikausha, ila bado nasimama darasani. Kinachoniuma ni moyo, na hapa sina mtu wa kumwambia, kwa hiyo utanivumilia.

Nilikuambia shule yetu ilipata marafiki Kanada. Walituletea vipindi vya Jumamosi vya kuwafundisha wazazi na watoto wao habari za miti. Mwezi huu ilikuwa zamu ya mti wa kwao unaoitwa mepo. Mepo, si mapepo, usianze kukemea. Theluji inapoanza kuyeyuka wanatoboa shina, wanatundika ndoo, maji matamu yanadondoka, kisha wanayachemsha kutwa nzima mpaka yawe mazito kama asali. Walituma picha, na chupa moja ndogo ya kuonja.

Sasa sikia ujinga wa mdogo wako. Niliandika tangazo kwa mkono wangu, nikalibandika langoni: "Jumamosi familia zote njooni muone sirapu inavyotoka kwenye mti. Kila mtoto ataonja." Halafu, kwa kuwa mepo hatuna, nikatundika ndoo kwenye mwarobaini wa uani ili waone inavyofanywa. Mwarobaini, Nekesa. Na sisi wenyewe tulipokuwa wadogo, sirapu ilikuwa nini kama si dawa ya kikohozi?

Akina mama walikuja wengi kuliko siku zote, nikajisifu kimoyomoyo. Nilieleza theluji, nikaeleza ndoo, hakuna aliyeuliza swali. Nilipotoa chupa ndipo nikagundua kwamba karibu kila mtoto aliyebebwa alikuwa anakohoa.

Wa kwanza alikuwa Mama Poni, anayeuza chai kule New Site. Kiswahili chake alikipata kambini Uganda.

"Mwalimu, huyu iko na kikohozi siku ya nne," akasema. "Kwa kliniki nasema dawa kalas, imeisha."

"Mama, hii si dawa. Ni sukari ya mti tu."

"Lakini wewe naandika sirapu."

Nilimweleza mara tatu, akaona namnyima. Wenzake nyuma wakaanza kunung'unika. Niliogopa, dada. Nikachukua kijiko, nikampa Poni, nikawapa na wengine mpaka chupa ikaisha. Nilijua ninachofanya, siwezi kukudanganya.

Leo asubuhi Mama Poni alinifuata shuleni na mfuko wa karanga, kunishukuru. "Hakohoi tena, mwalimu. Yeye nalala tu." Kumgusa mtoto aliyembeba mgongoni, anawaka moto, na kifua kinabonyea kila akivuta pumzi. Niliacha darasa, tukapanda bodaboda hadi hospitali. Wamempokea, wamemwekea oksijeni, daktari akasema tusubiri. Wewe uliyefanya kazi ya unesi, niambie: kijiko kile ndicho kilichomchelewesha? Niambie hata kama jibu ni baya.

Nakuandikia kwenye benchi la wodi. Msalimie mama, na usimwambie haya, maana hatalala. Msalimie shemeji, na wanao wote, hasa kitinda mimba aliyenisahau sura. Shangazi naye mwambie aniweke kwenye maombi yake ya Jumatano.

Nilitaka kumalizia hapo, lakini Mama Poni amenyoosha kidole upande wangu. Anawaambia wanawake wa vitanda vingine kwamba mimi ndiye mwalimu mwenye sirapu ya mti. Wanainuka na watoto wao, wanakuja. Mimi mkononi nina kalamu tu.

Mdogo wako,
Naliaka