Kamba Nyeupe ya Kisimani

Jumatatu, 4 Machi
Bila mimi mtaa huu ungeshakuwa kichaka. Siku ya kimbunga nani alifunga paa la shule? Mimi, kwa kamba zangu, na upepo wenyewe ukaona haya ukapita kwingine. Sasa kisima cha mtaa kimejaa tope na nimetafutwa tena. Fundi wa visima ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Kaja mwenyewe mpaka kibarazani. Anataka kamba ya kushukia, ya mkonge, maana ya nailoni humteleza. Nikamwambia kamba yangu ilishavuta lori. Akasema, shemeji, mwaka jana lori hilo lilikuwa mkokoteni. Tukacheka. Majani ya mkonge nimeshayaloweka dimbwini huko nyuma, siku nyingi tu. Kesho nayatoa.

Alhamisi, 7 Machi
Nyuzi zimetoka nyeupe — nyeupe pepepe! Laini, hazichomi kiganja. Wapita njia wamesimama kuzishika. Hata mke wangu kasema leo nimejitahidi, na yeye kunisifu ni adimu kama meno ya kuku. Nimesokota mchana kutwa, kinyumenyume uani, mabega yamekufa ganzi. Kamba nene kama kifundo cha mkono. Nimetangaza kwa kinyozi: itabeba tembo na mkewe.

Ijumaa, 8 Machi
Mambo mabaya.
Shemeji kaichukua kamba asubuhi. Nikabaki na nyuzi chache, nikataka kukazia mguu wa kiti. Nikavuta mmoja, ukakatika. Wa pili, ukakatika. Mkonge mzima ukikatika hulia, ta, na kidole kinauma. Hizi zimekatika kimya, kama utando wa buibui.
Nimekaa chini. Mkonge ukizidisha kukaa majini unaoza. Weupe ule ni wa kuoza. Marehemu baba alitufundisha, mimi nikasikia nusu.
Nikaenda kwa shemeji. Hayupo. Watoto wakanidaka miguu: mjomba, mjomba, baba atashuka na kamba yako! Mdogo wangu akanishukuru, eti safari hii hana wasiwasi, kamba ni ya kaka yake. Ningesema nini? Nikasema nimekuja kusalimia.
Kile kisima ni kirefu. Ukitupa jiwe, unalisahau ndipo unalisikia.

Jumamosi, 9 Machi
Nimekwenda tena, kwa ujanja. Nikamwambia shemeji anirudishie kamba niiongeze uzi. Akasema, unataka kuipaka na hina? Akaitupia kwenye boriti akaning'inia, miguu juu, anacheka. Mimi nimefumba macho. Ilishika. Lakini boriti ile iko juu kidogo tu ya ardhi, na kisima si boriti.
Kisha akanikumbusha desturi yao mafundi wa visima: kamba mpya humshusha kwanza aliyeisokota, hatua chache, ndipo fundi anaiamini. Kesho ni zamu yangu. Nikasema labda mimi ni mzito. Akasema, shemeji, si ulisema tembo? Wewe hata ndama hujafika.
Nikacheka. Meno yaligongana.

Jumapili, 10 Machi
Nimeamka nikasema mgongo unaniuma. Mke wangu akapeleka habari. Amerudi na jibu la mdogo wangu: kaka apumzike, desturi si sheria, mume wangu atashuka yeye.
Mungu wangu. Nimejiponya mimi nikamsukumia yeye.
Kisima kiko nyuma ya ukuta wetu, nasikia kila kitu. Wanafunga kamba kwenye gogo. Mtu anasema kaza hapo. Shemeji anawatania, anasema mzee wa kamba kaugua kamba. Wanacheka, na watoto wake wamo.
Natoka. Viatu nimeshavaa. Nitasema imeoza, shemeji usishuke. Ni maneno matatu tu.
Lakini wataniuliza. Mdogo wangu ataniuliza mbele ya mtaa mzima: kaka, mjuzi kama wewe, uliuachaje mkonge majini mpaka ukaoza? Mke wangu kila aliponihimiza niutoe, nilimwambia nina shughuli nzito. Sikuwa na shughuli. Kila nilipokwenda kuutoa, juu ya mzigo alikuwa amekaa chura, ananitazama, koo linacheza. Nikawa narudi ndani.
Ninaogopa chura.