Mwali Asiyeuliza

Jumapili, Chole

Wewe Mwajuma, wiki mbili hujafungua daftari lako hili, ulikuwa na kazi gani ya maana?

Leo mjukuu wangu Rehema, nesi wa wagonjwa mahututi Kibaha, amekuja anataka kuacha kazi. Mashine ya kupumulia inamtisha. Akiuliza, nesi mkubwa anamjibu, “Sasa cheti chako cha nini?”

Nimechemka kwa hasira. Mimi kungwi. Mwali anayeuliza ndiye ninayemtoa nje, amefuzu. Anayenyamaza namrudisha ndani.

“Ukirudi kazini mpe huyo nesi mkubwa shikamoo yake, kisha uliza palepale kitandani. Akikufokea, uliza tena.”

“Bibi, watanichukia.”

“Wakuchukie, mgonjwa apumue.”

Ameondoka bila kuniahidi. Naogopa, lakini neno langu silirudishi.

Ukifungua tena hapa, Mwajuma, andika kama ameuliza. Kama hajauliza, usiandike kitu. Jifunge kanga, nenda Kibaha kaulize wewe hiyo mashine.