Vardøger wa Aslak

Brekke, 12 Januari 1958

Mwanangu Aslak,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila mgongo wa baba yako unamsumbua. Kifua chako kimepona?

Sasa nisikilize, nimechoka! Jumamosi vardøger wako kaja tena. Nimesikia buti zikikung'utwa theluji barazani, mbao za skii zikiegemezwa ukutani. Nikabandika viazi, kama bibi yako alivyofanya kila alipomsikia wa babu: nafsi ikitangulia, mwenyewe yuko njiani. Nikangoja. Wapi! Viazi kala nguruwe, mara ya tatu hii. Kama huji, acha kututumia kivuli!

Baba yako hataki hata kusikia jina lako tangu useme hulitaki shamba. Pasaka ikipita anamrithisha binamu yako Sjur. Njoo.

Mama yako

Bergen, 20 Januari

Mama,

Shikamoo. Kifua kimetulia.

Jamani, mama, sijatuma kitu! Mwalimu ninayekaa naye nyumba moja anasema wahenga waliunganisha maneno mawili, mlinzi na moyo: moyo wa mtu unamtangulia, unamlindia njia. Haya, labda moyo wangu unakuja. Miguu inamwogopa baba. Alisema nisikanyage hapo mpaka aniite. Basi aniite!

Mwanao

Brekke, 3 Februari

Aslak,

Hujambo? Sisi hatujambo.

Kukuita hataki, nimembembeleza mpaka mdomo umekauka. Na huyo vardøger wako, kuanzia leo siinuki kitini. Azikung'ute buti mpaka zitoboke, sibandiki kiazi hata kimoja.

Mama

Bergen, 24 Februari

Mama,

Afya yangu usiiulize. Jumamosi ilikuwa mimi. Mimi mwenyewe! Nilipanda treni bila kuitwa, nikakung'uta buti barazani, nikakohoa mara mbili. Nikamsikia baba ndani: "Kaa, Gunvor, kivuli tu hicho." Nawe ukakaa! Kivuli kinakohoa? Nilisimama hapo mpaka vidole vikafa ganzi, nikarudi stesheni. Shamba apewe Sjur. Sirudi.

Aslak

Brekke, 1 Machi

Mwanangu,

Mjinga we! Tangu lini mtu akangoja kufunguliwa mlango wa kwao? Nimelia tangu barua ifike.

Mimi sikusikia kikohozi, naapa, nilikuwa nasokota sufu na gurudumu linapiga kelele. Nikamsomea baba yako barua. Akaweka kijiko chini. "Nilijua ni yeye," akasema. Nilimfokea mpaka mbwa akajificha chini ya kitanda. Mzee mzima anajua, halafu ananikalisha! Anasema aliogopa kwamba ukiingia atalia mbele yako.

Sasa kavaa suti ya kanisani, anapanda treni ya Bergen na mgongo wake huo. Hajawahi kufika huko maishani. Barua hii nampa aje nayo mkononi, maana kwa mdomo hataweza.

Kwa hiyo huyo aliyekupa barua, aliyesimama mbele yako na kofia mkononi, usimngoje aombe radhi. Hajui. Mkaribishe ndani.

Mama yako