Moshi Kutoka Shuleni

Ifakara, 2 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Mafua yamepona? Mimi na Beno wazima, ila anamaliza sukari.

Kila jioni nawasha moto uani na kuongeza majani mabichi, kama ulivyoagiza, ili ukiwa juu ya dungu lako la kufukuzia ndege ng'ambo ya mto uone moshi wetu ujue tupo. Beno anauita simu ya mama, maana huko shamba mtandao haushiki.

Mama, naogopa. Maji yamefika kwenye mpera. Jioni kiboko analia karibu, nami nasoma Baiolojia kwa sauti nisimsikie. Beno ananicheka, lakini analala ameshika gauni langu.

Barua hii naituma kwa Mzee Tadei, anavuka na mtumbwi wake.

Mwanao,
Kandida

Shamba, 4 Aprili

Mwanangu Kandida,

Marahaba. Nimepona. Mpunga unakomaa na ndege hawaniachi nishuke hata kula, la sivyo ningekuwa nanyi.

Maji yakigusa jiko, acheni vyote mwende shuleni, kule ni juu. Usingoje mtu mzima akuambie. Na moto usikose. Jioni nikikosa moshi, kesho yake navuka, mto ujae usijae.

Mama yako

Shuleni, 8 Aprili

Mama,

Shikamoo. Sijui utaisoma lini. Mzee Tadei amefunga mtumbwi, anasema yeye hajachoka kuishi.

Jana maji yaliingia jikoni. Tulibeba godoro na vitabu, sasa tupo Kidato cha Pili B pamoja na majirani. Mama Eveline, mke wa Wendelin, amelaza watoto chini ya ubao. Kila saa ananiuliza, "Eti mume wangu yuko salama huko shamba na mama yako?" Namjibu ndiyo.

Lakini jana jioni hakuna nyumba mtaani kwetu iliyotoa moshi. Nikakumbuka ulivyosema utavuka.

Asubuhi nilienda mlangoni kwa mkuu wa shule, nikashindwa kubisha. Nikaondoka, nikarudi, nikaondoka tena. Mchana Beno alinisukuma ndani.

"Kandida? Wewe darasani hata mkono hunyooshi. Unataka nini?"

Nikasema naomba kuwasha moto uwanjani, mama anione. Akaniangalia, kisha akamwita mpishi. "Mpe pumba zote na kuni kavu. Leo tukose uji, moshi usikose."

Moshi umepanda mrefu, mweupe. Ila umetokea shuleni, sio nyumbani. Mama, utaujua? Usivuke. Nakuomba usivuke.

Mwanao,
Kandida

Shamba, 11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mto umetulia kidogo, Tadei kanifikishia barua yako.

Siku ile mguu mmoja ulikuwa ndani ya mtumbwi wa kuazima. Nikageuka kuchukua kanga yangu, nikaona moshi juu ya mabati ya shule. Nikasema huyo ni mwanangu. Nikakaa chini kwenye matope, nikalia.

Wendelin alikuwa ameshaondoka asubuhi. Naye alikosa moshi wa kwake. Nilimwambia tuvuke pamoja mchana, akasema mchana ni mbali.

Mtumbwi wake tumeukuta kwenye matete. Yeye bado tunamtafuta, ndiyo maana sijaja.

Usimwambie mkewe. Nitakuja nimwambie mwenyewe. Wewe kaa naye karibu, mshikie mtoto.

Na jioni hii uwashe tena moto, mwanangu. Huenda yuko mahali anaangalia.

Mama yako